Kitanda Kimetolewa

4 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limetulia. Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kusema peke yangu mbele ya darasa zima.

Muhula unaelekea ukingoni. Asubuhi nafundisha sarufi, mchana fasihi, jioni nasahihisha insha mpaka naona koma ukutani. Yupo msichana mmoja ambaye wenzake wanamwita Nukta, maana haandiki zaidi ya maneno mawili matatu kabla ya kuifunga sentensi. Nilimwambia aeleze nyumba yao. Akaandika: "Nyumba ipo. Mlango upo. Mama hayupo." Kalamu nyekundu ikakosa pa kutua.

Jengo la walimu limeanza kuwa tupu. Jirani yangu amehama. Nilikuwa nimezoea kikohozi chake ukutani, sasa hata hicho sina. Kuna wiki natoka darasani Ijumaa, na sauti yangu mwenyewe siisikii tena hadi Jumatatu nimwamkie mlinzi.

Muhula ukiisha nakuja nyumbani. Safari hii nitakaa sana. Chumba cha mbele alichougulia mama usihangaike nacho, nitakifagia na kutandika kitanda chake mimi mwenyewe kama siku zote.

Binti yako.

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika salama. Goti linanifikisha ninakotaka, ila kwa wakati wake lenyewe. Simu na sikio langu havipatani, ndiyo maana nakutesa na mwandiko huu wa fundi bomba.

Kuhusu kuja, sikukatazi, ila labda ungengoja kidogo. Nyumba inapakwa rangi. Mapazia yamebadilishwa. Vyombo vimehamishwa, na kile kitanda cha marehemu mama yako kimetolewa chumba cha mbele, kilikuwa kinazuia mwanga. Mambo yakikaa sawa utaarifiwa.

Kula vizuri. Yule Nukta mpe alama zake, amesema yote.

Baba yako.

28 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe pia.

Leo nimefundisha kauli ya kutendwa. Niliwaambia wanafunzi, mtu akisema "glasi imevunjwa", muulizeni nani kaivunja. Walicheka. Nikarudi chumbani, nikaisoma tena barua yako, na mimi sikucheka. Nyumba inapakwa, mapazia yamebadilishwa, vyombo vimehamishwa, mimi nitaarifiwa. Kazi zote hizo na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Wewe tangu nikufahamu hujawahi kununua pazia.

Baba, nani amekitoa kitanda cha mama?

Binti yako.

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umenibana kama mwanafunzi wako, basi nami nijibu kama mwanafunzi.

Mimi nimekitoa. Nilishika upande mmoja, mke wangu akashika wa pili.

Ndiyo, nimeoa. Ni yule muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, uliyekuwa ukimwamkia ukienda shule. Wakati wa mvua nilianguka bafuni. Nililala sakafuni nikilitazama bomba nililolifunga kwa mikono yangu, maji yakitiririka, mpaka yeye akaja kuuliza kulikoni, yamefika uani kwake. Baada ya hapo akawa anakuja kunifunga hili goti langu la siku zote. Goti likapata nafuu, naye akaendelea kuja kwa visababu vingine vidogovidogo. Siku asipokuja nilikuwa nachemsha chai, kisha naiacha ipoe mezani.

Sikukwambia nimeanguka kwa sababu ungewaacha wanafunzi wako ukaja mbio. Sikukwambia nimeoa kwa sababu niliogopa hutakuja kabisa.

Mama yako sijamsahau. Lakini nyumba ilikuwa kimya, mwanangu, kimya hata kwa mtu asiyesikia vizuri.

Sema neno.

Baba yako.

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Labda ni posta, labda ni mitihani. Mke wangu anasema nisikuandikie tena, nikuache upumue. Nimemkatalia, hajanuna.

Chumba chako hakuna aliyekigusa, hata rangi haikuingia humo. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako.

21 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote wawili. Nimeandika "nyote wawili", nikaiangalia kwa muda, na nimeamua kuiacha.

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama, nikaifukia chini ya insha zilizongoja kusahihishwa. Kulikuwa na jambo ambalo nami sikukwambia. Mkuu wa idara alinisimamisha koridoni mwezi wa nne, kikombe mkononi, akasema muhula ujao hawatanihitaji. Kwa hiyo nilipokuandikia nitakaa sana, nilikuwa narudi moja kwa moja. Nilishajipangia kila kitu: mimi na wewe, na nyumba ileile. Ulipojibu, nikaona huku wananitoa na huko hakuna pa kuingia.

Siku ya mwisho ya muhula wanafunzi walitoka wakisukumana. Nukta akabaki. Alifuta ubao bila kuombwa, akajipangusa vumbi la chaki mikononi, akaniuliza: "Mwalimu, likizo unakwenda kwa nani?"

Nilitaka kusema nina kazi, sina nafasi ya kusafiri. Kilichotoka kinywani kilikuwa, "Kwa baba."

"Bora wewe," akasema, akaenda zake.

Nilikaa kwenye dawati lake mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Nilikuwa natafuta sababu ya kumchukia mke wako. Niliyoipata ni moja tu, kwamba ulipokuwa sakafuni yeye ndiye aliyekukuta, si mimi. Na hilo si kosa lake. Mwambie namshukuru. Kumwita mama bado sitaweza. Nitamwamkia kwa heshima, mengine tutayaona.

Nimepata madarasa ya watu wazima katika mji mwingine, yanaanza Septemba. Basi siji kuhamia, nakuja kuwatembelea. Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, na nitabisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba ile. Najua yeye atakuwa karibu zaidi na mlango. Mwombe akae tu. Njoo unifungulie wewe, Baba, hata kama utachukua muda. Nitasubiri nje.

Binti yako.