Mama Mkwe wa Wekoye

Wololo Nabwile, ati ni mama mkwe wake!! MAMA MKWE!

Si unajua vile brathe yangu Wekoye amekunywa chang'aa mpaka anaongea na watu hawako? Leo amesema mwenyewe, "Nipelekeni hospitali." Mwenyewe, bana!

Akakataa Bungoma juu kila mtu anamjua. Tukakuja Kitale, na huku hospitali iko na mshauri mmoja tu wa watu wa pombe.

Mlango ikafunguka. Nani? Mama ya bibi yake, Nekesa! Kumbe yeye ndiye huyo mshauri, walimhamisha huku na hakuna mtu alituambia.

Na vile kwetu mtu na mama mkwe hawawezi kaa chumba moja, hata salamu ya mkono hakuna! Wekoye akaruka nyuma ya mlango, akajifunika uso na jaketi.

"Sista, turudi nyumbani."

Nikamwambia, "Ukirudi leo, hautawahi kuja tena."

"Sasa nimwambie yeye vile nimekuwa nikimpiga Nekesa?"

Nikauliza nesi kama kuna mshauri mwingine. Ati Eldoret, na kuna foleni ya miezi.

Kidogo tukasikia kiti inaburutwa. Mama amegeuka, anaangalia ukuta. Akaita kwa nguvu, "Mgonjwa wangu aingie. Mkwe wangu abaki nje."

Woi! Mgonjwa aingie, mkwe abaki nje!

Saa hii Wekoye amesimama hapo mlangoni. Mguu moja iko ndani, ingine imekataa. Mimi niko nyuma yake nimeziba njia. Kesho nitakumalizia, wacha kwanza nimsukume.