Kiti cha Mama Siku ya Sanduku

Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo wakwe wa Miritini wanaleta sanduku la nguo na zawadi za harusi la binti yangu Nadira na mimi mamake, badala ya kukalia kiti cha mama nilipokee, nimeamua kukaa jikoni, kwa sababu nilipokuwa na miaka tisa niliangusha bakuli la mchuzi kwenye khitma ya babu, ukammwagikia shehe, na tangu hapo nyumba yetu nzima pale Jomvu Kuu huniita Mkono Mbovu, kila harusi mimi ni wa kuosha masufuria, sijawahi kumpakulia mgeni, na sasa nina miaka arobaini na miwili, leo nilipomaliza kukaanga mahamri yangu ya kuuza nikampigia dada yangu Mwanabibi nikamwambia, "Dada, pokea wewe, mimi nitatia watu aibu," naye akacheka, "Ulikuwa wangoja nini? Dera nishashona," kumbe Nadira alikuwa anasikia, akaniuliza, "Mama, wakiuliza mimi ni wa nani, niwaambie nini?" nikajitia kuosha karai, akajifungia chumbani, hata chai hataki. Je, ni vibaya kumwepusha mwanangu na aibu yangu?

Dhahabu, Mikindani

Marahaba, Bi Dhahabu. Kosa la wengi ni kudhani kwamba wanajijua kwa kujitazama wenyewe. Sivyo. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba mtoto hujitazama machoni mwa wanaomlea: anavyodhani wanamwona, ndivyo anavyojiona. Kisha yeye hukua, picha ile haikui. Naye huokota kila ushahidi unaoilinda, ule mwingine huutupa.

Tazama ulivyofanya. Umenieleza bakuli moja la miaka thelathini na mitatu iliyopita, mahamri ukayapita mbio. Karai la mafuta moto huliinua kwa mkono gani? Ule mbovu?

Nakuhurumia. Uliumizwa ukiwa mdogo, na hakuna mtu mzima aliyekufuta machozi. Baadhi ya waliokubandika jina lile wamekwisha kufa, nawe bado unawatumikia. Lakini sitakubembeleza: Mwanabibi hakukunyang'anya kiti, ulimpelekea mwenyewe kwa simu. Wala usiite huko kumwepusha mwanao. Yeye naye anajitazama machoni mwako, na leo ameona mama anayemkana.

Huenda Ijumaa mkono ukateleza, wenzio wakacheka. Wacha wacheke. Kikimwagika kitu, kitambaa kipo.

Leo hii, kabla hujagusa sufuria yoyote, bisha mlango wa Nadira umwambie: "Sanduku lako nitalipokea mimi."