Meneja Hataki Kuniegemea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Najua umenipigia simu wiki nzima bila kupokelewa. Sababu nitakueleza, ila usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Binti yangu Meneja, ambaye ni mwanao pia, anamaliza sekondari mwaka huu. Wewe ndiye uliyenitafutia yule mwalimu anayewaandaa vijana wenye usonji kwa maisha ya utu uzima: kupanda basi peke yao, kupika bila kuunguza nyumba, kufanya kazi na watu. Mchana mwalimu humpeleka Meneja kwa dobi mmoja mwenye mashine kubwa, anakunja mashuka ya hospitali. Dobi anasema hajapata mtu wa kukunja kona kama Meneja, na amemwekea nafasi ya kazi. Mimi sikushangilia. Sisi mafundi kufuli huitwa na watu walioibiwa na wale waliowaamini, kwa hiyo mtu akiwa mwema sana naanza kumchunguza.

Unajua kila jioni nikivua viatu Meneja huja kwenye kochi na kuniegemea begani. Hapendi kukumbatiwa wala kushikwa, lakini bega hili alilichagua mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Basi jioni moja akakaa ukingoni mwa kochi, mgongo wima kama askari. Kesho yake vilevile. Nikisogea, anasogea. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu.

Machale yakanicheza. Nikajua kuna mtu amemgusa mwanangu. Nikaenda kusimama mkabala na kwa dobi, nikijifanya natengeneza kufuli la duka la watu. Nilimwona dobi akimpa chai, na hata ile chai niliitilia shaka. Mwalimu alipotoka nikamkabili, nikamuuliza anamfundisha nini binti yangu. Akatabasamu, akasema anamfundisha asimtegemee baba. Dada, damu ilinichemka. Niliingia ndani nikamwambia dobi Meneja harudi tena, nafasi ampe mwingine.

Nilipomwambia Meneja, hakulia. Alitoa shuka kabatini akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka nikashindwa kumtazama. Ndipo nikamuuliza kwa upole kwa nini haniegemei siku hizi.

“Mwalimu alisema nisikutegemee,” akasema. “Ukifa, nitaanguka.”

Kwake kutegemea na kuegemea ni kitu kimoja: unamwekea mtu uzito wako, akiondoka unakwenda chini. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anafanya mazoezi ya kunikosa, nami niko hai pembeni yake, nanung'unika.

Sasa lililo gumu kuandika. Nilikushuku hata wewe. Nilijiaminisha kwamba mmepanga na mwalimu kumzoesha kuishi bila mimi ili umchukue akae kwako. Ndiyo maana simu yako iliita nikaitazama tu. Nimeona haya, dada. Nisamehe.

Nilirudi kwa dobi nimenywea. Alinisikiliza huku akipiga pasi, akinitazama kama ninavyomtazama mtu anayetaka nimfungulie nyumba akidai amepoteza ufunguo. Mwisho akasema nafasi bado ipo, Meneja arudi Jumatatu, ila baba yake abaki nyumbani.

Jioni hiyo nikamweleza Meneja kwamba kuniegemea kwenye kochi hakuna ubaya, asiogope. Alibaki ukingoni mwa kochi, mgongo wima vilevile.

“Hapana, baba,” akasema. “Egemea wewe. Wewe hujafundishwa.”

Nikamwegemea, dada. Nililia na hakuniuliza kitu.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwape salamu za mjomba wao. Leo ukipiga simu nitapokea kabla haijaita mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Kufuli