Nyumba ya Manga Imekataa Kuuzwa

Nyakoe, Kisii
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Josiah,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Jacinta aliniambia kwa simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za nyumba za wateja ukiwa umeshika ukuta. Usilidharau, mwache mkeo alikande kwa maji ya moto. Na mtoto wenu Ronny, bado anakataa samaki? Mtoto amezaliwa kisiwani na hataki samaki! Huyo ni wa kwetu Manga kabisa, wala usimlazimishe.

Sisi hatujambo. Mume wangu Lewis anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu, lakini chakula anamaliza. Mvua imetubania huku Nyakoe, ila kule Manga imenyesha na barabara imeharibika kama kawaida yake.

Ule ujumbe wako mrefu kuhusu kuuza nyumba huko Lamu nilimsomea Lewis baada ya chakula. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Hasa yule mteja kutoka Nairobi aliyeuliza gari lake ataliegesha wapi, nawe ukamwonyesha punda. Tena ukasema huko ukimwambia mnunuzi kwamba nyumba inapata upepo, maana yake dirisha moja halipo. Nilicheka nikijua tuko kazi moja. Huku nikisema nyumba ina mandhari, maana yake viatu vyako vitaishia mlimani. Nikisema majirani ni watu wema, maana yake watajua ulichopika kabla hujakipakua. Lakini kuna neno moja ambalo huku halisaidii. Ukimwambia Mgusii kwamba shamba limetulia, atakuuliza hapo hapo, "Limetulia na nani?" Anajua kwamba watu wetu tunawazika nyumbani.

Uliandika pia kwamba huko nyumba kuukuu huuzwa pamoja na jini wake, kama kabati lililoshindikana kutoka mlangoni, na kwamba sisi wa milimani tuna raha kwa kuwa nyumba zetu hazina wenyewe. Hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu. Kwa simu ungecheka, nami ningecheka pamoja nawe, halafu tungeagana bila mimi kusema kitu.

Uliniambia nyumba yetu ya Manga niiuze kama nyumba nyingine yoyote. Nilikubali. Sisi ndio tuliobaki, na Mama aliyaweka majina yetu yote mawili kwenye hati kabla hajaugua. Nilifagia, nikafuta madirisha, nikakata nyasi. Nilikata pia kandokando ya makaburi, Baba upande wa kulia wa nyumba na Mama upande wa kushoto. La Mama hujaliona. Sisemi kwa lawama. Najua bahari ilichafuka na boti zikazuiwa, na ulisikiliza mazishi kwa simu. Ni Lewis aliyeishika juu ya kaburi mpaka mkono ukamfa ganzi, na mtandao ukakatika wakati udongo unaanza kuingia.

Wateja wa kwanza walikuwa Ochoki, mwenye duka la dawa pale mjini, na mke wake Gladys. Tuliahidiana tukutane pale asubuhi. Pikipiki yangu ilikwama kwenye matope, wao wakanitangulia. Nilipofika niliwakuta wamekaa kwenye benchi barazani, wamebaki na soksi tupu, na viatu vyao vimepangwa ukutani, vidole vikitazama nje.

Unakumbuka ni nani aliyekuwa akipanga viatu vya wageni hivyo? Alisema mgeni akiondoka asihangaike kuvigeuza.

Nikawauliza kwa nini wamevua viatu na mlango bado umefungwa.

"Si mama yako ametuambia," Gladys akasema. "Huyu mama yako ni mkali! Hata salamu hatujamaliza, anatazama matope."

"Mama yupi?"

"Mwenye kitambaa cha bluu. Amepita huko nyuma jikoni. Amesema tukungoje wewe mwenye funguo."

Nilidhani ni Bonareri, yule jirani wa chini aliyekuwa akiteka maji kwetu. Nikafungua, nikaanza kusifu sebule. Ochoki hakunisikiliza. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, ule ambao kila mgeni huuvuta mpaka akate tamaa, akausukuma kwa goti ukafunguka. Kisha akaingia chumba chako cha zamani, akatazama dari juu ya kitanda.

"Ni hapa maji yanaingia?"

Mimi nilikuwa nimepaka rangi hapo, Josiah. Nimepaka vizuri. Hakuna mtu angeona.

"Nani amekwambia maji yanaingia?"

"Mama. Amesema mvua ikitoka upande wa Kisii, kijana wake alikuwa akilala miguu ikiwa upande wa mto wa kulalia."

Nimekuwa broka miaka mingi, nimeshindana na mabroka waongo wa kila aina. Sijawahi kushindana na mtu anayewaambia wateja ukweli. Walivaa viatu vyao, wakanishukuru, na Ochoki akaniambia kwa upole, "Dada, nyumba ni nzuri, lakini naona iko na mwenyewe."

Nikateremka kwa Bonareri kumgombeza. Nilimkuta anatoka kuuza majani chai, kikapu bado kiko mgongoni.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeshinda kwenye foleni ya mizani tangu asubuhi, uliza mtu yeyote. Lakini Jemimah, kama umeanza kulala huko juu ungeniambia. Ningekuletea maziwa."

"Silali huko."

"Basi nani anawasha moto? Moshi naona unatoka jikoni kila siku, wakati wa watoto kutoka shule."

Alisema hivyo akifungua kikapu, bila kunitazama. Tukazungumza habari za mahindi.

Mteja wa pili alikuwa Bwana Momanyi, aliyestaafu kazi ya benki Nairobi. Alipendekeza Jumamosi. Nikamwambia Sabato sionyeshi nyumba hata kwa malaika. Akaja Jumatatu saa sita mchana. Safari hii nilikuwa nimefika mapema. Nilitazama jikoni mwenyewe, mlango ulikuwa umefungwa kwa ule waya wetu, ndani hamna mtu. Jua lilikuwa limetoka, ukungu umekwisha, kuku wa Bonareri wanachakura. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Momanyi alipenda nyumba. Akasema anataka kuzunguka nyuma peke yake aone mpaka. Mimi nikabaki sebuleni nikifunga dirisha. Ndipo nikamsikia akizungumza nje, kwa ile sauti ambayo mtu mzima huitumia mbele ya mzazi wa mwenzake.

"Ndiyo, mama." Kimya. "Hapana, mama, natoka Nairobi." Kimya kirefu zaidi. "La, si mimi, mama. Mimi naitwa Momanyi." Kisha tena, polepole, kama mtu anayeongea na asiyesikia vizuri, "Mimi si Josiah."

Nilitaka kwenda mbio. Nilibaki nimeshikilia dirisha. Nilisikia sauti yake tu, Josiah. Ile nyingine sikuisikia.

Momanyi akarudi akipangusa jasho, anacheka.

"Wewe broka ni hatari! Unauza nyumba na mama ndani?"

"Amekwambia nini?"

"Ananiuliza kama mimi ni Josiah. Namwambia hapana, anauliza tena. Huyo Josiah ni nani, anadaiwa mbuzi?"

Nilishindwa kumdanganya. Nilimshika mkono kama mtoto, nikamzungusha upande wa kushoto wa nyumba, nikamwonyesha saruji yenye jina la Mama na tarehe zake. Alisoma. Akasoma tena. Aliingia ndani ya gari lake na kushuka kilima chote kinyumenyume, kwa sababu kugeuza gari kungemlazimu arudi karibu na jikoni. Lewis nilipomsimulia alicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda kulia bafuni.

Nakwambia sababu ya kulia, usidhani ni woga. Watu wote wanamwona. Ochoki ambaye hakumjua amemwona. Huyu wa benki amesimama naye juani wakazungumza. Mimi niliyemwosha na kumlisha miezi ile yote hajanitokea hata mara moja. Nilikuwa nimebeba kile kibakuli chake cha jiwe laini la Tabaka alichowekea vibanio vya nywele, nikakiweka kando ya kitanda changu huku Nyakoe, nikifikiri labda ataninong'oneza kitu. Hakuna. Usiku nalala kama jiwe.

Basi Ijumaa iliyopita nilipanda Manga peke yangu. Sikuwa na mteja. Nilifika wakati watoto wanatoka shule, nikawapisha njiani wakikimbia na mabegi. Nilipofika uani, moshi ulikuwa unapenya kwenye mabati ya jikoni, mwembamba, ukishuka chini badala ya kupanda. Waya wa mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyoufunga. Niliita, "Mama." Nikangoja. Nikaufungua.

Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na kuni wala moto. Palikuwa na mafiga na jivu, nalo jivu lilikuwa limekusanywa kilima kidogo upande mmoja. Ulikijua kile kilima. Wewe ndiye uliyekuwa mchelewaji wa kutoka shule, ukisimama kila mahali kutazama mashindano ya vyura. Mama alikuwa akikuchimbia kiazi kitamu ndani ya jivu la moto ili ukute kimeiva. Sisi wengine tukikisogelea alitupiga mkono kwa mwiko. "Hicho ni cha Josiah. Bado yuko njiani."

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono. Jivu lilikuwa na joto. Kiazi kilikuwepo, kimeiva, ganda limelegea.

Sikukila. Nilikifukia tena vilevile, nikalisawazisha jivu kwa kiganja, nikafunga waya, nikarudi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Sijamwambia mtu ila Lewis, na sasa wewe.

Nilifikiri sana juu ya jambo hili jana kanisani. Nadhani mimi nimeshaagana naye. Nilimfunika mwenyewe, nikatupa udongo wangu, hana la kuningojea. Wewe ndiye uliyebaki njiani. Unajua kwetu aliyekosa mazishi huja akashikwa mkono, akaonyeshwa kaburi, akatupa udongo wake hata kama nyasi zimeota. Wewe hujaonyeshwa. Ndiyo maana kila mwanamume anayeingia uani anaulizwa kama ni wewe.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pana haraka. Yuko mteja wa tatu, anaitwa Mogire, mwenye malori ya mchanga. Yeye hakwenda hata kuona. Nilimwambia mambo yote haya waziwazi akasema, "Mimi siogopi bibi mzee. Hilo jiko nitalibomoa siku ya kwanza, nijenge vyumba vya kupangisha." Bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo, inakaa mwisho wa mwezi huu, na inatutaka sote wawili. Umeniambia utampa wakili mamlaka asimame badala yako. Tafadhali usimtume wakili. Akipanda Manga kukagua shamba naye ataulizwa kama ni Josiah, na unajua mawakili, anaweza kukubali.

Njoo mwenyewe, ndugu yangu. Njoo kabla ya bodi. Sikukatazi kuuza. Ukishaonyeshwa kaburi, ukakaa jikoni na kula kilicho chako, kama bado utataka tuuze, nitaiuza kwa Mogire au kwa mwingine, na sitakukumbusha tena. Lakini jiko lisibomolewe akiwa bado anatazama njia. Nitakungoja stendi ya Kisii, nikupandishe mlimani mwenyewe, kisha nibaki pale chini kwa Bonareri. Nadhani ni vizuri uingie peke yako. Piga hodi ukitaja jina lako kwa sauti, asikudhanie mnunuzi mwingine. Na uvue viatu.

Msalimie sana Jacinta, mwambie nimemwekea mbegu za mboga yetu ya chinsaga, atazame kama zitaota kwenye mchanga wenu. Ronny mwambie shangazi anamwekea ndizi za kuiva. Lewis anakusalimu, na Bonareri pia, anauliza kama huko kisiwani mnapata maziwa ya kweli. Mungu aliyemtunza Mama akutunze barabarani na majini, akufikishe kwetu mchana kweupe.

Ukimwona, usiogope. Msikilize mpaka amalize. Na akinyamaza, mwambie Jemimah naye alikuja, alikuwa akija kila mara. Nikumbushe kwake.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Jemimah Bochaberi