Bibi Hakuinuka

Kurui, Kisarawe
17 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula nakula, ila usingizi ndio unanipiga chenga. Wasiwasi wangu ni wewe huko Kibaha. Majibu ya ule uvimbe wa tumboni yametoka? Ulisema Jumatatu, na leo Alhamisi. Kila nikipanda kichuguuni kutafuta mtandao, simu yako haipatikani. Ndiyo maana nimempa barua mwalimu mwenzangu Anselmi, yeye kila Ijumaa anakwenda kwao Kibaha.

Sasa nisaidie, wewe mwalimu mstaafu. Darasa la tatu nimewapa hadithi. Ashrafu anatoka Kwala likizo, na mfuko wa mchele begani, kwenda kwa bibi yake. Anamkuta amekaa mlangoni. Anamuuliza habari, bibi anaitikia, "Nzuri, mjukuu wangu." Ashrafu anarukaruka, anautua mfuko, anaingia ndani kujichotea maji ya kunywa. Swali: linganisha hisia za Ashrafu na za bibi, utoe sababu.

Mwongozo wa kusahihisha niliopewa na mwalimu wa taaluma unasema wote wawili wamefurahi, kwani bibi amesema nzuri. Darasa zima limeandika hivyo, isipokuwa Mwamini, katoto kamoja kapole kanakaa dirishani. Yeye kaandika: "Ashrafu amefurahi sababu ni likizo. Bibi anaogopa. Amesema nzuri lakini hajainuka. Bibi yangu akisema nzuri, mimi naangalia kwanza kama anainuka."

Nimempa kosa, Mama, na tangu hapo roho inanisuta. Mthibiti ubora anakuja mwezi ujao kukagua madaftari kabla sijathibitishwa kazini. Nikiuacha mwongozo ataona sijui kazi. Nifanyeje?

Mwanao,
Firdausi


Kibaha
20 Julai 2025

Mwanangu Firdausi,

Marahaba. Huku nzuri, namshukuru Mungu. Majibu nayo mazuri, usijipe presha. Simu iliingia maji, basi.

Tuje kwenye la maana. Huyo Mwamini ana maneno mengi kama wewe ulivyokuwa! Hadithi imesema nzuri, unataka nini tena? Mtoto asahihishwe kwa kilichoandikwa, siyo kwa habari za bibi yake nyumbani. Ukianza kugawa alama za huruma utakoma, darasa zima litakuletea bibi zao.

Tulia huko uthibitishwe kwanza. Usihangaike kuja kabla ya hapo, unanisikia? Kuku nimempa jirani yangu Margareth, kelele zao zimenichosha. Hali yangu nzuri tu.

Mama yako


Kurui
24 Julai 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Barua nimeipata, nikaisoma, nikairudia.

Kuku umegawa? Wewe? Kuku ambao nilikatazwa hata kuwafukuza sebuleni!

Halafu "majibu mazuri" ndiyo nini? Uvimbe ni wa nini? Dawa umepewa? Niandikie kama unamwandikia mtu mzima, tafadhali.

Nimemwita Mwamini nikamuuliza nani kamwambia bibi anaogopa. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niko darasa la tatu. "Mwalimu, Ashrafu alikuwa na mzigo. Mbona bibi hakumpokea?" Nikamwambia akakae. Kosa nimeliacha palepale, maana mwongozo ni mwongozo, na wewe umesema hivyohivyo. Lakini sina amani hata kidogo.

Mwanao,
Firdausi


Kurui
7 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Wiki mbili Anselmi anarudi mikono mitupu. Kila nikimuuliza ananiambia, "Mama yako mzima, anakusalimu sana, atajibu." Jana nikambana. Nikamuuliza, "Ulipoondoka, Mama alikusindikiza?" Akasema hapana, ulikuwa umekaa tu, ukamwambia barua aiweke mezani.

Jamani, Mama! Wewe unayemsindikiza hata muuza mkaa mpaka barabarani! Nimelia ofisini mbele ya walimu wote, sikuona hata aibu.

Nimeomba ruhusa nije. Mwalimu mkuu anataka sababu, na wakati huu wa ukaguzi anataka sababu ya kueleweka. Nami nitampa sababu gani, wakati wewe mwenyewe umeandika nzuri?

Sikuulizi hali tena, maana jibu lako nalijua. Nakuuliza jambo moja: unainuka?

Mwanao,
Firdausi


Kibaha
10 Agosti 2025

Firdausi, mwanangu,

Siinuki. Anayeniinua ni Margareth, asubuhi na jioni, na barua hii naiandika nimelala, ndiyo maana mistari imepinda.

Majibu hayakuwa mazuri. Daktari alitaka nipasuliwe mwezi uliopita, nikamwomba asubiri, nikamwomba tena. Nilijua ukisikia utaacha kila kitu uje, na kazi yenyewe hujathibitishwa. Sasa amekataa kusubiri. Ni Jumatano hii.

Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Sijamwambia mtu, hata Margareth. Kila anayepiga hodi akiniuliza habari, mdomo unasema nzuri wenyewe kabla sijaamua. Hata kwenye barua mkono umeandika hivyohivyo, mahali ambapo hakuna aliyenikimbiza.

Mpe Mwamini alama zake zote. Mthibiti akiuliza, mwambie mwalimu mstaafu wa Kibaha alikosea kusahihisha, na wewe ulimfuata kwa sababu ni mama yako.

Sababu ya ruhusa ndiyo hii, mpelekee mwalimu mkuu barua kama ilivyo. Njoo kabla ya Jumatano. Mlango utaukuta wazi, mimi niko chumba cha mbele. Sitaweza kukupokea mzigo. Uweke tu chini, uje ukae hapa kitandani kwangu.

Mama yako