Nililipaka Mafuta Gurudumu la Taa

Bi Mwanatatu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba sana usitaje jina langu, maana mimi ni mwalimu wa watu, na watoto ninaowafundisha wana mama zao, na mama zao wana midomo.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nakaa Mishomoroni na shangazi yangu Mwanatumu, mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, eda nikakaa nikaimaliza, nikarudi kazini, na tangu hapo sina ugomvi na mtu, nikitoka shule narudi nyumbani, nikirudi nyumbani napika, nikimaliza kupika nalala, na nilidhani mambo ya moyo nimeyazika pamoja na marehemu, kumbe wapi.

Shuleni kwetu nafundisha darasa la watoto wasiosikia, wako kumi na wanne, na darasa lenyewe lilikuwa stoo ya majembe na mafagio, mvua ikinyesha twahamia verandani, basi mwaka huu mwalimu mkuu, Bwana Mwarandu, akasema tufanye tamasha la kuchangisha tuwajengee darasa la haki, kila darasa litoe mchezo wake, huku ngoma, huku kwaya, huku kaswida. Na wangu watoe nini, Bi Mwanatatu, nao hiyo ngoma hawaisikii? Msichana mmoja, Nyamvula, akanivuta mkono akaniashiria kwamba na wao wataka kucheza jukwaani kama wenzao, na mimi kwa kuropoka kwangu nikaahidi mbele ya walimu wote kwamba watacheza kwa taa, taa za rangi zinazotembea, ikija nyekundu wageuke, ikija ya buluu wakae, ikija ya kijani wapige makofi, yaani taa ndiyo iwe ngoma yao.

Sasa taa za kutembea zipatikane wapi? Kwenye mahoteli ya ufuoni zipo, lakini kuzikodi kwa siku moja ni bora ujenge darasa. Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Mtopanga, nitamwita Stambuli ingawa silo jina lake, na majina ya wengine pia nimeyabadilisha, mke hana, waliachana kitambo, alikuwa akiendesha taa za disko hotelini miaka tisa, ilipoletwa mitambo mipya kutoka Ulaya akaambiwa ahsante na kwaheri, sasa atengeneza redio na feni. Nilimwendea na shangazi, nikamweleza habari ya watoto wangu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo haitaki hoteli. Hiyo yataka feni mbovu na baisikeli mbovu."

Na kwa kuwa darasani kwetu hakuna stima, akawa aja kuifanyia kazi uani kwetu kila Jumamosi na Jumapili, shangazi akikaa pale pale na ukili wake wa kusukia mikeka, heshima zote zikiwapo. Akaitoa feni mapanga ikabaki mota, akachukua ringi ya baisikeli akaivika karatasi za nailoni za rangi, zile za kufungia zawadi, akakata tyubu kuukuu akapata mkanda mwembamba wa mpira unaotoka kwenye mota na kuizunguka ringi, nyuma yake akaweka balbu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku alipoiwasha mara ya kwanza tulitundika shuka jeupe ndani, tukafunga madirisha, na zile rangi zikapita juu ya shuka polepole, moja baada ya moja, wallahi nililia, na shangazi naye akaacha ukili wake.

Bi Mwanatatu, mimi sikulilia taa. Nililia kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Kwa wiki sita mtu huyu alikuwa akifika anibishia hodi kwa mluzi kabla ya kuita, aniuliza "Mwalimu, wiki ilikuwaje?" na akishauliza angoja jawabu, aweka bisibisi chini ajue Nyamvula amefanya nini Jumanne na Bwana Mwarandu amesema nini Alhamisi, na mimi ikawa toka Jumatatu naziweka akiba habari zangu nije nimpe, nikiona jambo la kuchekesha njiani nacheka nusu, nusu namwekea. Sijui wewe wajua ilivyo kukaa miaka minne bila mtu wa kukuuliza siku yako ilikuwaje. Nilikuwa nasikia mluzi hata siku ambazo haji.

Basi jioni ile nilikuwa najipaka nywele mafuta ya nazi, gurudumu liko mbele yangu, na sijui nini kilinipata, nikachovya kidole nikaupaka ule mkanda wa mpira, kisha nikaupangusa usionekane. Asubuhi nikampelekea habari kwamba taa haizunguki. Akaja mbio! Mota yaenda, ringi imekaa tu, mpira wateleza. Akakata mkanda mpya. Jumamosi iliyofuata nikaupaka tena, akaja tena, na tena. Akanusa mpira akasikia harufu ya nazi, akajitazama mikono, akasema, "Ni mimi, Mwalimu, nala mahamri yako ya nazi kisha nashika kazi." Toka siku hiyo akawa aosha mikono kwa sabuni mara mbili kabla hajagusa chochote, na mahamri yangu akaacha kuyala, nikimletea asema la, asije akaharibu kazi ya watoto, nami nimesimama na sahani mkononi, najua, na sikusema.

Mara ya mwisho nilipaka Jumamosi, nikitaka arudi Jumapili. Jumapili akawa na mazishi kwao. Jumatano mwalimu mkuu akatuma mkokoteni ukalichukua gurudumu nami niko darasani, likapelekwa moja kwa moja kwenye ukumbi kwa majaribio, kamati yote ya tamasha imekaa, Stambuli ameitwa aliendeshe, madirisha yamezibwa kwa magunia, watoto wangu wamepangwa jukwaani, nami mbele ya wote hao nikaona haya kusema. Likazunguka mara mbili, kisha nyekundu ikaja ikasimama. Nyamvula akageuka kama nilivyomfundisha, na kwa kuwa nyekundu haiondoki akazidi kugeuka, akageuka, akageuka, mpaka akapata kizunguzungu akaanguka chini, na watu wakacheka. Mtu mmoja wa kamati akasema kwa sauti, "Ndio maana hoteli walimtoa." Stambuli alichomoa waya, akaukunja taratibu, akanijia akaniambia, "Mwalimu, mkono wangu umekwisha. Tafuta fundi mwengine." Nasikia tangu siku ile hata feni za watu awarudishia, asema hawezi.

Tamasha ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana Mwarandu amesema watoto wangu wasicheze, wakae viti vya mbele watazame wenzao, na Nyamvula kila asubuhi aniuliza kwa mikono taa iko wapi. Nikimwambia Stambuli ukweli atanichukia na sitausikia tena ule mluzi, na nisipomwambia namwacha ajione si fundi, na ndimi niliyemfanya hivyo kwa kumtamani, basi niambie, je, nimwandikie barua bila jina, au nimwambie shangazi aseme ni yeye, au ninyamaze yapite? Nisaidie, sili, silali.

Mwalimu wa Mishomoroni

BI MWANATATU AJIBU:

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu hapa mpaka nikaulizwa kuna nini. Mara ya pili nilifika pale mtoto anapogeuka na kugeuka, kicheko kikaniisha.

Kwanza tuelewane. Kumtamani mtu si kosa. Umezika mume, umekaa eda, umetulia miaka minne, na wewe ni binadamu wa nyama na damu. Waniuliza kama najua ilivyo kukaa bila mtu wa kukuuliza siku ilikuwaje. Mwanangu, mimi nimezika waume wawili. Mpaka leo nikitoka sokoni huwa napanga kichwani nitakavyosimulia bei ya samaki, kisha nafika mlangoni nakumbuka hakuna wa kumsimulia. Kwa hivyo kwa hilo sikulaumu hata kidogo, na yeyote atakayekulaumu mlete kwangu.

Lakini mafuta? Mwalimu mzima? Ungeweza kumwambia redio yako yakoroma. Ungeweza kumwita atazame swichi. Wewe ukaenda kutia mkono kwenye kitu ambacho watoto kumi na wanne wamekitegemea, tena si mara moja ukajuta, mara zote hizo! Mtu aja nyumbani kwako aacha kula mahamri ya moto kwa ajili ya kuulinda mpira wako, nawe wasimama na sahani wamtazama ajioshe. Hapo umenikasirisha kweli. Huyo alikwishafukuzwa kazi mara moja akaambiwa hafai, akajikusanya, akaanza upya na vifeni vya watu, na wewe uliyempenda ndiwe umemrudisha pale pale. Aibu yako iko wapi?

Barua isiyo na jina, usithubutu. Na shangazi yako mwache na ukili wake, hakupaka yeye. Kunyamaza ndiko kulikokufikisha hapa.

Utakwenda mwenyewe dukani kwake, shangazi akiwa nawe, akae kando. Usianze kwa kulia, maana ukilia itambidi yeye akubembeleze, nawe huna haki hiyo leo. Mwambie, "Mkono wako hauna kasoro. Ni mimi niliyeupaka mpira mafuta ya nazi, kila mara, na mara ya mwisho pia." Mwambie hivyo hivyo, usipunguze. Akipiga kelele, msikilize. Akinyamaza, ngoja, kama alivyokuwa akingoja wewe ulipokuwa ukimweleza habari zako.

Kisha nenda kwa Bwana Mwarandu, na usimwambie ofisini mlango umefungwa. Mwambie aite kamati ile ile iliyocheka, na yule bwana wa maneno ya hoteli awepo, useme mbele yao. Mtu akivunjiwa jina ukumbini hatengenezewi jikoni. Utaona haya, na uone. Yeye aliona haya yake mbele yao hao hao, na hakuwa na kosa.

Taa yenyewe ni kazi ndogo. Ringi na kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda vioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, vianikwe vikauke kabisa, ukatwe mkanda mpya kutoka tyubu ambayo haijaingia nyumbani kwako. Kama Stambuli atakataa kurudi, muombe akuoneshe jinsi ya kuufunga, uufunge wewe. Umemtazama wiki sita, najua hukuwa ukitazama mpira, lakini kitu utakuwa umekishika. Watoto wafanye majaribio si chini ya mara tatu kabla ya Jumamosi hiyo. Nyamvula umuombe radhi kwa mikono, umwashirie kwamba alicheza sawasawa na aliyekosea ni mwalimu wake. Usidhani kwa kuwa hasikii, vile vicheko hakuviona.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia hasa. Ukishamwambia habari ya mafuta, Stambuli atakuuliza kwa nini. Hilo lazima aulize, mtu mwenye kungoja majawabu. Usimsingizie shetani, wala usiseme hujui nini kilikupata, maana wajua vyema. Mwambie, "Nilitaka urudi." Basi. Usiongeze neno. Mambo mengine ya posa na nani aende kwa nani, hayo shangazi Mwanatumu ayajua kuliko mimi, na yangoje mpaka watoto wacheze. Akikutaka, atajua njia ya Mishomoroni. Asipokutaka, ana haki, na wewe utaubeba upweke wako kama sisi wenzio, lakini utaubeba ukiwa mtu msafi.

Jambo la mwisho. Uliniomba nisitaje jina lako, nami sikulitaja. Umembadilisha jina fundi na wenzake, umefanya vyema. Lakini, mwalimu, Kisauni nzima kuna ringi ngapi za baisikeli zenye karatasi za rangi na kopo la maziwa nyuma yake? Uliitaka barua yako ijibiwe gazetini, imejibiwa gazetini. Gazeti hili lafika Mtopanga saa mbili asubuhi, na vinyozi wa kule nawajua, ukurasa huu wausomea wateja kwa sauti. Mafundi wa redio hawafungui kabla ya saa tatu. Una saa moja ya kumfikia kabla hajasikia kwa mtu mwengine. Weka gazeti chini, vaa buibui, toka.