Jina Lako Kwenye Mita ya Mama

Nyumba D 17,
Mtaa wa Kaloleni,
Nairobi.

14 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Kweyu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote uliotuacha hapa Kaloleni. U hali gani? Baridi ya Winnipeg inakuachia hata siku moja ya kupumua? Wanja wa nyumba ya pili alipokuja likizo alituambia alikuona kanisani, umekonda, na umefuga ndevu. Habari ya kukonda niliiamini. Ya ndevu bado naichunguza, maana nakumbuka ulivyokuwa ukizihesabu mbele ya kioo na hazikupita saba. Yeye ndiye aliyenipa anwani hii. Sisi hatujambo kwa neema za Mungu, ila Mama miguu inamvimba, na mimi nina hamu yako kiasi kwamba nimeianza barua hii mara nne.

Najua kwa nini ulibadilisha namba ya simu. Baba alipofariki makaratasi yako yalikuwa hayajatoka, ukashindwa kuja kumzika, na baba mdogo Javan akakutupia maneno ambayo hata mimi niliyekuwa nimeshika simu yaliniuma. Ni miaka mitatu sasa. Javan ameyajutia, ingawa ukimwuliza atakwambia siku hiyo mtandao ulikuwa mbaya na ulimsikia vibaya. Hakuna mtu hapa aliye na hasira nawe tena.

Wewe unaweza kudhani tumekuzoea ukiwa mbali. Tutakuzoeaje? Mama yetu, muuza mboga anamwita Mama Kweyu, mchungaji anamwita Mama Kweyu, hata watoto wa bomba la maji humwita hivyo wakimpisha kwenye foleni. Jina lako linatajwa humu ndani mara ishirini kwa siku na mwenyewe hayupo.

Sasa nikupe habari za mtaa. Unaikumbuka Kimulimuli, ile kampuni iliyotuletea mtungi wa gesi wenye mita, wa kulipia kwa simu kidogo kidogo? Siku hizi gesi kwao ni kama biashara ya kando. Wamesimamisha nguzo kutoka Shauri Moyo hadi hapa, wamepitisha waya wa intaneti hadi mlangoni, na juu ya intaneti wameweka sinema, mpira, mahubiri na vipindi wanavyotengeneza wenyewe. Kila kitu kimefungwa kwenye namba ile ile ya mita ya gesi. Gesi ikikaribia kuisha, tangazo linakatiza unachotazama. Juzi mhubiri alikuwa ndiyo kwanza anamfikia Ayubu, tukaambiwa tuongeze gesi.

Mama aliwakataa mwanzoni. Alisema mtu aliyemuuzia moto hawezi kumuuzia na sinema, kwa kuwa kimoja kati ya viwili hivyo lazima kitaharibika. Kijana wao wa mauzo, Kim, alirudi mara tatu, na mara ya tatu akasema, “Shosh, hii waya inafika mpaka majuu.” Mama akanigeukia akauliza kama majuu ni pamoja na Kanada. Nikajibu ndiyo. Nilijibu kwa uvivu wa kueleza, kaka, nilikuwa na nguo za kufua. Siku hiyo hiyo akakubali waya.

Mwezi Agosti wakaja kurekodi. Wana kipindi cha mapishi ya mitaa ya zamani, wanatafuta kina mama wa kupika kwa gesi yao mbele ya kamera. Mama, ambaye hata picha ya kitambulisho ilimtoa jasho, alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Alivaa lile gauni lake la Umoja wa Akina Mama, akapika kuku wa kienyeji. Alipofika kwenye firigisi aliinyanyua kwa kijiko, akaacha kupika, akaitazama kamera na kuanza kusema Kinyore.

Mimi nilikuwa kando, sikuweza kumzuia. Naandika hapa alivyosema, kwa Kiswahili, kadiri ninavyokumbuka:

“Kweyu, hii ni ya mwenye nyumba. Ilikuwa ya baba yako, na tangu tumzike ni yako. Javan aliinyooshea mkono Krismasi nikaondoa sahani. Kila nikichinja naiweka kando siku mbili, halafu inabidi aile paka. Nimechoka kumlisha paka. Baba yako hakuondoka na neno juu yako. Uliza Asenath, alikuwepo. Njoo ule, au uniambie nimpe nani.”

Ni kweli, kaka. Nilikuwepo. Baba alikuulizia mara mbili, akasema makaratasi huchelewa, akalala.

Nilidhani watayakata maneno hayo, maana waliotaka mapishi watayafanyia nini? Lakini msichana wa kamera, Lorine, ni wa huko kwetu Emuhaya. Alielewa kila neno, akayaacha yote na kuweka tafsiri chini. Kipindi kilipotoka mtaa mzima ulilia, halafu mtaa mzima ukaja kuuliza firigisi iko wapi.

Mama hakuwajali hao. Yeye alianza kungoja jibu lako. Kwake, waya umefika Kanada, ameshasema, na wewe umeshasikia. Wiki mbili nzima alikaa na simu mapajani hata wakati wa kula. Hapo ndipo nilipoona kosa langu, nikampeleka Mitchelle binti yangu akamuulize Kim. Tukaambiwa hivi: ukiwa ng'ambo unaweza kutazama, lakini lazima uwe na namba ya mita ya hapa, na jina lako liwe miongoni mwa matano ya nyumba hiyo. Nilimweleza Mama kwamba hukusikia neno. Aliitoa simu mapajani, akaiweka juu ya kabati. Sijawahi kujichukia hivyo.

Kesho yake alimwambia Mitchelle aandike majina. Lako la kwanza, kisha lake, langu, la Mitchelle. La tano Javan analitaka kwa ajili ya mpira na Mama anasema atafikiria. Kwenye televisheni kila jina lina kiduara kando. Mtu akishaingia hata mara moja kiduara kinakuwa cha kijani, asiyeingia bado kinabaki kijivu. Mama hajui kusoma vizuri tena kwa sababu ya macho, lakini rangi anaziona. Kila asubuhi baada ya chai anawasha ile televisheni, anatazama chako, anazima.

Sasa hili ndilo linalonifanya nikuandikie. Daktari amesema hii miguu inataka mapumziko, na Javan amepanga kumpeleka nyumbani Emuhaya mwisho wa Novemba. Mama amekataa. Huko waya haujafika, na anasema hawezi kuondoka na wewe hujapita. Nimembembeleza, mchungaji amembembeleza. Viatu vyake havimwingii tena, Kweyu.

Namba ya mita yetu ni 20417736. Neno la siri ni jina la Baba, la ubatizo, kwa herufi ndogo. Kama utapenda kupiga simu, yangu ni ile ile, sijaibadilisha kwa ajili yako. Lakini kama bado moyo haujawa tayari, sikuombi uzungumze. Nilimwuliza Mama nikuandikie nini, akafikiri sana, kisha akasema: “Mwambie si lazima aseme kitu. Aingie tu, atoke.”

Mitchelle anakusalimu, amekupita urefu. Javan anakusalimu, na ninakuomba uipokee salamu yake maana aliitoa akitazama chini. Wanja anasema mkionana tena usimkimbie. Mungu aliyekuhifadhi kwenye baridi akuhifadhi hata huko kwenye kimya chako.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayeamka siku hizi kabla ya Mama ili niione hiyo televisheni kwanza,

Asenath